Mugeni wa Rugarama

Rugarama, Kingogo, Ruanda
9 Juni 1953

Kwa Papa Rukara, Ngungu

Papa,

Nimefika na miguu yote miwili, na hakuna kilichoibiwa. Ngungu mpaka Sake, siku moja na nusu kwa miguu. Sake mpaka Goma, juu ya kamyo ya makaa, na mpaka leo nikipiga chafya inatoka nyeusi. Pale Gisenyi karani alitazama karatasi yangu mara tatu, akaniuliza, "Unaenda kufanya nini?" Nikasema, "Kutembea, kuona kwetu." Akacheka: "Watu wa Kongo mumeanza kutembea kama Wazungu?" Akapiga muhuri: siku thelathini, kuanzia tarehe sita. Kwa hiyo tarehe tano ya Julai niwe nimeshavuka kurudi.

Sasa nikuambie jambo la kunishangaza. Nilitoka hapa nikiwa na miaka mitatu, sikumbuki hata muti mumoja, na bado hapa napajua. Lile jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala nililiona mbele ya muntu kunionyesha. Nikasema, "Lile pale." Mama mudogo Athanasie akashika mudomo. Najua kisima kiko upande gani, najua upepo wa jioni unatoka wapi. Yote nimeyatoa kinywani mwako.

Lakini vipimo vyako, Papa, havikai sawa. Ulisema ule muto unabeba ng'ombe wakati wa mvua. Nimeuruka kwa hatua moja, na mimi ni mufupi. Ulisema mutoto akitumwa kisimani anarudi amechoka. Nimehesabu hatua mia moja na arobaini. Labda miguu yako ilikuwa midogo wakati ule.

Nimefanya makosa mawili. La kwanza, nilikula hindi la kuchoma njiani, nikitembea, mbele ya macho ya watu. Mama mudogo alitoka mbio na kitambaa akanifunika mudomo kama ninawaka moto. La pili, niliuliza hapa maziwa ni bei gani. Nyumba nzima ikanigeukia. Papa mudogo Sebarenzi akasema, polepole, kama anamufundisha mugonjwa kutembea: "Mutoto wa kaka yangu, hapa maziwa hayauzwi. Anayeuza maziwa ni muntu aliyekosa rafiki wa kumupa." Sikuwaambia kwamba mabati kumi na mawili ya nyumba yetu yametoka kwenye maziwa hayo, na kwamba nimekuja pia kununua vyansi vya muti vya kukamulia, maana vyetu vimepasuka.

Kinyarwanda changu ni mchezo wao. Nikisema "merci" ya Wazungu ao "njo vile" ya Kongo, watoto wanaitana waje kusikia. Kule Ngungu naitwa Munyarwanda. Hapa ni "yule wa Kongo."

Lakini kupokelewa, Papa! Wanawake waliimba. Wamenipaka mafuta ya ng'ombe mwili mzima, mafuta ambayo pale sokoni Kashebere Mama Euphrasie, tunayebadilishana naye, angenipa chupa sita za mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Wananikataza kutoka juani. Siku ya tatu leo nimekaa nyuma ya mikeka, nakula, nalala, nanenepa. Kama mugeni anapokelewa hivi kwenu, sielewi kwa nini mulihama.

Musalimie Mama.

Mutoto wako,
Daphrose


Ngungu
14 Juni 1953

Kwa binti yangu Daphrose

Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne kwa sauti, Mama yako akiwa anakamua. Amefurahi. Mimi ndiyo usiseme.

Kaa kama wanavyokuambia. Wakisema usitoke juani, usitoke. Acha kuuliza bei za vitu. Pale siyo Kashebere. Na acha kuhesabu siku. Karatasi ni karatasi. Papa mudogo wako anamujua muntu wa biro ya serikali, siku zinaweza kuongezwa.

Mafuta yako yasikuhangaishe. Wiki hii nimeyapeleka mwenyewe Kashebere.

Hukuniandikia juu ya shamba lililo juu ya kisima. Lile lilikuwa langu. Nililiacha na mutama wa kufika kiuno. Analima nani sasa? Wanasema ni kijana mumoja, Evode. Umemuona? Ni muntu wa namna gani? Niandikie.

Papa yako,
Rukara


Rugarama
19 Juni 1953

Papa,

Kuna kosa kubwa limefanyika, na ni la neno moja tu. Nilipoligundua nilicheka. Sasa sicheki.

Jana wanawake wawili walikuja kunipima kichwa kwa kamba ya mugomba. Nikauliza kwa nini. Wakasema, "Taji la umugeni lisimubane." Nikasema, ya nini taji kwa muntu anayerudi kwao baada ya wiki mbili? Mumoja akacheka mpaka akakaa chini. "Anarudi! Sikieni maneno ya umugeni!"

Njo nikaelewa. Sisi Ngungu tukisema mugeni kwa Kiswahili, ni muntu aliyekuja kutembea: unamupa kiti, unamupa maziwa, kesho unamusindikiza. Hapa kwa Kinyarwanda umugeni ni bibi-arusi. Uliwaandikia kwamba unawatumia mugeni. Wamesoma kwamba unawatumia bibi-arusi! Zile nyimbo, yale mafuta, ile mikeka, vyote si vya mutoto wa kaka. Ni vya muke wa Evode, yule anayelima shamba lako.

Na si mchezo. Padri ameshatangaza jina langu kanisani Jumapili moja, mimi nikiwa nyuma ya mikeka sisikii kitu. Zimebaki Jumapili mbili. Arusi wameiweka Jumamosi, tarehe nne ya Julai. Karatasi yangu inaisha tarehe tano.

Sijamuambia Papa mudogo. Ameshachinja, ameshaita watu, na ni muntu mwema. Sitaki aibu imuangukie mbele ya jirani kwa kosa lisilo lake. Wewe njo umuandikie. Andika leo, kwa Kinyarwanda, neno "umushyitsi," mugeni wa kutembea, ulipigie musitari chini. Mupe shofere yeyote anayefika Goma. Barua yako ikifika kabla ya tarehe ishirini na tisa, mambo yatafungwa kwa kicheko.

Nangoja.

Daphrose


Ngungu
24 Juni 1953

Mwanangu,

Nimesoma nikashika kichwa. Ni kosa la kalamu yangu. Nimezoea kuandika Kiswahili juu yako, maana masista walikufundisha Kiswahili tu. Njo nikawaandikia na wao Kiswahili bila kufikiri. Nao wakasoma mugeni kwa macho ya kwao. Nisamehe.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sebarenzi amechinja, padri ametangaza. Mimi nikiandika leo kwamba ni kosa, mudogo wangu atafanya nini na aibu ile? Ataipanda kama viazi?

Mutazame huyo Evode kwanza. Zungumza naye. Ana shamba zuri, hilo ninalijua kuliko yeye. Wasichana wangapi wa Ngungu wameolewa na watu wabaya bila kosa lolote la kalamu? Labda kosa hili lina heri ndani yake.

Mama yako ana kikohozi kidogo, sikumusomea barua yako ya mwisho.

Papa yako,
Rukara


Kashebere
20 Juni 1953

Kwa Daphrose wa mafuta, kule Ruanda

Dada, mimi Euphrasie. Anayeandika ni Nestor katekista, na nimemukataza kunyoosha maneno yangu. Aandike sawa vile nasema.

Weye muntu gani? Miaka mine tunabadilishana, mafuta yako kwa mafuta yangu, na unaolewa bila kuniambia? Nimesikia kwa mudomo wa Papa yako! Alipitaka hapa siku ya soko, tarehe kumi na mbili, na vyungu vyako kichwani. Vimeshinda ku jua, vinanuka sawa mbuzi dume, nani atanunua? Nikamuuliza, "Papa, Daphrose iko wapi?" Akasema, "Daphrose ameolewa Ruanda. Amekubali kwa furaha. Harudi tena." Nikasema, "Wee Papa! Juzi tu alikuwa hapa ananipigia kelele juu ya chupa moja, leo ni muke wa muntu?" Akasema, "Mambo ya nyumba yetu, Mama." Akaniuliza kama nitanunua vyungu vyenyewe pia, vile vitupu, juu weye hauvihitaji tena.

Sikununua. Nimekuwekea tu, ni vyako. Kama umeolewa kweli, nifurahie nawe. Kama haiko kweli, dada yangu pale Kibua ana nyumba, bwana wake alikufaka, kitanda kimoja ni wazi. Haiko maziwa kule, iko ndizi na mvua tu. Fikiri.

Nestor anasema nimalize na Mungu. Basi, Mungu akulinde.

Euphrasie
(mukono wa Nestor)


Gisenyi
3 Julai 1953

Kwa Rukara, Ngungu

Niko Gisenyi, na kesho asubuhi navuka. Usije kunipokea.

Barua ya Mama Euphrasie ilinifikia tarehe ishirini na tisa, pamoja na yako, mukononi mwa shofere mumoja. Nikazisoma kando kwa kando. Tarehe kumi na mbili Juni ulikuwa Kashebere unasema nimeolewa na sirudi. Mimi niligundua hilo "kosa la kalamu" tarehe kumi na nane. Wewe ulijua mapema, siku sita. Kosa gani linajulikana kwa mwenye kulifanya mbele ya kuambiwa?

Nilitoka nyuma ya mikeka. Jua la saa sita. Mama mudogo akapiga kelele, mimi nikaenda moja kwa moja shambani kwa Evode. Alikuwa anapalilia kahawa. Alifiwa na muke, ana miaka thelathini na mbili, ana sauti ndogo. Akainuka, akafuta mikono.

"Umugeni hatoki mbele ya siku yake," akasema.

"Nani alikuambia mimi ni umugeni?"

"Papa yako. Aliandika."

"Aliandika kwa Kiswahili, mukasoma vibaya."

Akaniangalia kama muntu anayehurumia mulevi. "Kiswahili? Hapa hakuna anayejua kusoma Kiswahili, dada. Barua ninayo. Papa mudogo wako alinipa niitunze, iwe ushahidi."

Akaingia ndani, akatoka nayo. Kuandika Kinyarwanda sijui vizuri, lakini kusoma najua, na mukono wako naujua kuliko wangu. Kinyarwanda kutoka juu mpaka chini, Papa. Hata salamu. Hakuna Kiswahili hata neno moja. "Mboherereje umugeni." Nimewatumia bibi-arusi. Na chini yake: amekubali. Umetia tarehe ishirini ya Aprili. Aprili ile mimi nilikuwa nanunua vyungu vipya Kashebere, na wewe ulinisaidia kuvibeba.

Kwa hiyo hukukosea neno. Ulikosea kitu kimoja tu: ulidhani sitaomba kuiona.

Evode alisoma uso wangu. Akauliza, "Hukukubali?" Nikasema, "Sikuulizwa." Akakaa juu ya jembe lake. Halafu akasema, "Muke wangu wa kwanza aliulizwa, akakubali. Sitaki wa pili awe chini ya yule." Akaja nami mpaka kwa Papa mudogo, akasema mbele ya watu wote, yeye mwenyewe, kwamba arusi haiko. Papa mudogo alisikia yote, akageuza kiti chake, akatazama ukuta. Mama mudogo alilia juu ya bia ya ndizi aliyokuwa ameivundika.

Na kwa kuwa siku ile kila muntu alikuwa anasema kweli, nikamuuliza Papa mudogo juu ya wale ng'ombe wako arobaini uliotuhadithia kila jioni, wale wa kuziba njia wakienda kunywa. Akasema, bila kugeuka, "Ng'ombe wanne. Na watatu walikuwa wa bwana tuliyemuchungia." Kilima nacho hakikuwa chetu. Kaburi la babu liko katikati ya kahawa. Evode analipalilia kuzunguka. Yeye asiye ndugu.

Mama alijua? Nijibu hilo tu. Nitakuwa Kashebere.

Daphrose


Ngungu
18 Julai 1953

Daphrose,

Mama yako hakujua. Sasa anajua. Analala na dada yako mudogo, na tangu hapo ananipa chakula bila kusema "karibu."

Ndiyo, niliandika. Nilikaa na karatasi ile siku tatu, nikijua nawatumia nini. Nilipoona neno lenyewe lina sura mbili, nikasema, hapa njo pa kujificha, kama atauliza.

Sasa sikiliza na wewe. Mwaka wa 1937 Wazungu walitupandisha kamyo, watu na vyungu. Walituambia kule Masisi kuna nafasi na majani, na kweli vilikuwepo. Lakini miaka kumi na sita nimekaa kama muntu aliyekalia kiti cha mwenyewe aliyetoka kidogo. Kila mulango ukifunguliwa nashituka. Wahunde, wenyeji wa huku, hawakunifanyia ubaya, wananiuliza tu, kwa heshima, "Papa Rukara, wenu wamezikwa wapi?" Nami sina kaburi la kuonyesha. Nilitaka mumoja wetu alale pale. Kurudi mimi siwezi. Wewe ulikuwa na miguu, na hukuwa na muchumba, maana nani hapa anaoa binti anayegombana na mashofere juu ya chupa?

Hesabu za Sebarenzi ni zake. Alikuwa mutoto.

Rudi nyumbani. Ng'ombe wako watatu wamekataa mukono wangu, maziwa yamepungua nusu. Nimesema niliyo nayo.

Papa yako,
Rukara


Kibua
6 Agosti 1953

Papa,

Ng'ombe wangu wape Mama. Mukono wake wataukubali.

Niko Kibua kwa dada ya Euphrasie, anaitwa Dorothée. Hapa mvua haina ratiba. Nimejifunza kukata ndizi bila kujikata, na nimeanza kununua mafuta ya ngazi huku kwa bei ya huku na kuyapeleka Kashebere kwa bei ya kule, safari mbili kwa wiki. Jana wazee walienda kwenye mambo yao ya musituni, nikaombwa nisifuate njia ile mpaka kesho. Sikufuata, hakuna aliyenielezea, na sikukasirika. Hapa sijui jina la kilima hata kimoja, na hakuna muntu aliyenidanganya juu yake. Nikiuliza muto unapita wapi, wananionyesha muto.

Unasema kurudi huwezi. Miguu unayo. Kila mwezi unakuja mpaka soko na kurudi, kilometa sijui ngapi, na mgongo haukuumi. Usiwe na haya nami kwa kitu hiki kimoja: huwezi kwa sababu unajua utakuta nini.

Nimepanga hivi. Makuza, yule shofere wa kamyo ya viazi, atapita Ngungu Jumatatu tarehe kumi na saba. Kiti cha mbele ni chako, mpaka Goma. Kimeshalipwa kwa mafuta. Gisenyi unakwenda kwa miguu. Papa mudogo hatakupiga. Atageuza kiti tu, na wewe utangoja mpaka akigeuze tena. Evode muombe akuonyeshe kaburi. Ukae pale siku utakazoweza. Halafu uniandikie uliyoyaona, wewe mwenyewe, siyo uliyotuhadithia.

Barua hiyo ikinifika, nitakuja Ngungu na tutakaa pamoja. Isipofika, sitakuja. Sikukatazi kuniandikia juu ya mambo mengine, lakini sitayajibu.

Daphrose


Ngungu
19 Agosti 1953

Daphrose,

Makuza alikuja Jumatatu kama ulivyosema, saa mbili ya asubuhi. Alipiga honi mara tatu pale chini. Nilikuwa nimevaa koti. Mama yako alikuwa amenifungia viazi kwenye jani, na kwa mara ya kwanza tangu Julai aliniambia, "Uende salama."

Nilishuka mpaka barabarani. Makuza akafungua mulango, akafuta kiti na kofia yake. Akasema, "Papa, panda, jua linakuja." Nilishika ule mulango. Chuma kilikuwa baridi. Nikamuuliza habari za barabara ya Sake, akajibu. Nikamuuliza habari za watoto wake, akajibu pia. Halafu akasema, "Papa, viazi vyangu vinaoza."

Kile kiti alipewa muntu mwenye kuku wawili.

Nilisimama mpaka vumbi likakaa chini. Halafu nikapanda kilima polepole. Mama yako alikuwa anafagia mbele ya mulango. Akanitazama na koti langu.

"Umerudi?" akaniuliza.

Nikamuambia, "Nimerudi."

Papa yako,
Rukara